Mtutu wa akiba: kisa cha 270 iliyotobolewa kuwa 35 Whelen

Kisa hiki kinahusu bunduki moja ya kuwindia, ya risasi moja moja, yenye mitutu miwili. Mwenye bunduki ameridhia kiandikwe. Jina lake, mahali anapowinda, kiwanda kilichoitengeneza bunduki na karakana iliyotoboa mtutu vimeachwa makusudi. Mimi ndiye fundi niliyeupima mtutu kabla haujaenda kutobolewa na niliyeupokea uliporudi, kwa hiyo sehemu ya makosa yatakayotajwa ni yangu.

Neno moja kabla ya kuanza. Kiswahili kinaita "risasi" vitu vitatu: madini laini yenyewe, kipande kinachoruka, na kitu kizima unachokitia kwenye bunduki. Humu nitasema "kichwa" kwa kinachoruka, "ganda" kwa shaba inayobaki, na "risasi" kwa kitu kizima. Msomaji ataona mbele kwa nini nimeanza na majina.

Usuli

Bunduki ni ya kukunjika katikati. Unasukuma kiwiko kidogo nyuma ya fremu, mtutu unainama, unatia risasi moja, unafunga. Haina magazini wala boliti. Ukiondoa ubao wa mbele, mtutu unachomoka kwenye pini yake na mwingine unakaa mahali palepale. Mwenye bunduki, mtu mzima aliyewinda kwa miaka mingi, alikuwa na mtutu wa 30-06 na mwingine wa akiba, wa 270 Winchester.

Kaliba hizo mbili, yaani vipimo hivyo vya risasi na shimo lake, ni ndugu wa tumbo moja. Ganda la 30-06 lilianzia jeshi la Marekani mwaka 1906. Mwaka 1925 Winchester walitoa 270, ganda la ukoo huohuo lililobanwa shingo ili lishike kichwa chembamba zaidi. Porini kazi zao zinaingiliana mno, na mtu mwenye zote mbili huishia kubeba moja. Huyu alibeba 30-06. Mtutu wa 270 ulilala kabatini, lakini si kabla ya kupigwa sana na mwenyewe wa kwanza aliyeuuza.

"Fundi," aliniambia, "huu unakula nafasi tu. Nigeuzie uwe kitu kizito, cha masafa mafupi vichakani. Ile nyingine inatosha kwa mbali."

Nilipitisha kamera nyembamba ndani. Ndani ya mtutu wa bunduki ya kuwindia kuna matuta na mifereji inayozunguka kama parafujo, ndiyo inayokizungusha kichwa kisiyumbe hewani. Mwanzo wa matuta, mbele tu ya chemba (nafasi inapokaa risasi), mafundi tunapaita koo. Koo la mtutu huu lilikuwa limeungua: chuma kimepasukapasuka kama matope ya bwawa lililokauka, kwa urefu wa karibu sentimita 6. Karibu na mdomo palikuwa na vishimo vya kutu. Nje, mtutu ulikuwa mzima kabisa, na ulivyofunga kwenye fremu hapakupita hata karatasi ya sigara.

Kwa nini kutoboa, na si kununua

Watu wengi wenye mtutu uliochoka hununua mpya, na kwa bunduki ya boliti ningemshauri hivyo bila kusita. Kwenye bunduki ya kukunjika, mtutu si bomba tu. Chini yake kuna kulabu inayoshika pini na pahala pa kufungia, na katika bunduki hii kulabu hiyo imeunganishwa kwenye mtutu kwa moto, kisha ikasuguliwa kwa mkono mpaka ikaingia kwenye fremu hii moja. Mtutu mpya ungemaanisha kuihamisha kulabu au kutengeneza nyingine, kuchoma chuma karibu na chemba, na kusugua upya. Kiwanda hakitoi tena mitutu ya toleo hilo.

Kutoboa upya kunaacha yote hayo yalivyo. Shimo la ndani linapanuliwa, mifereji mipya inakatwa, nje hakuguswi. Waliokaa gereji watalielewa haraka: ni kama silinda ya injini iliyolika inapopanuliwa ikatiwa pistoni ya ovasaizi. Ila silinda ikikosewa injini inakula oili, na mtutu ukikosewa uso wako uko kwenye hatari.

Kaliba ipi

Shimo jipya lazima liwe pana kuliko mifereji ya zamani ilivyo ndani kabisa, la sivyo makovu ya mifereji hiyo yatabaki. Kwenye 270, kipenyo kwenye matuta ni mm 6.86 na ndani ya mifereji ni mm 7.04. Kaliba ya mm 7 ilikufa hapohapo, maana shimo lake ni mm 7.01 tu. Isitoshe, 280 Remington, ambayo ni ya ukoo huu, bega lake, pale ganda linapopungua kuelekea shingoni, lilisogezwa mbele zaidi ya mm 1 makusudi ili isiingie kwenye chemba ya 270.

30-06 ingesafisha shimo vizuri, lakini anayo. Tena ina kero ambayo wengi hawaifikirii: ganda la 270 ni refu kuliko la 30-06 kwa zaidi kidogo ya mm 1, na shingo ya chemba yake ni pana kuliko mifereji ya 30-06. Ungetoboa, pangebaki pete ndogo ya chemba ya zamani mbele ya shingo mpya. Haiui mtu, ila si kazi ya kujivunia.

Zikabaki tatu: 338-06, 35 Whelen na 9.3×62. Ya kwanza tuliiacha kwa sababu risasi zake ni adimu madukani. Mimi binafsi moyo wangu ulikuwa kwa 9.3×62, kaliba ya mwaka 1905 ya fundi bunduki wa Berlin, Otto Bock, ambayo imeonyesha uwezo wake kwa zaidi ya karne. Lakini ganda lake si la ukoo wa 30-06. Chemba nzima ingekatwa upya, na ukuta wa mtutu kuelekea mdomoni ungekuwa mwembamba zaidi.

35 Whelen ni ganda la 30-06 lililopanuliwa shingo lishike kichwa cha mm 9.09. Kitako ni kilekile, bega liko mahali palepale na pembe ni ileile. Kwa hiyo kiwiliwili cha chemba ya 270 hakingeguswa. Ni shingo tu ingepanuka, kutoka karibu mm 7.8 hadi karibu 9.9, na ile pete ya mbele ingeliwa yote. Nafasi kati ya kitako cha ganda na uso wa fremu, kipimo ambacho kikikosewa ganda hupasuka au halilipuki, ingebaki kama kiwanda kilivyoiweka. Kichomoa ganda hakingehitaji kubadilishwa. Na fremu haingebebeshwa mzigo mpya: viwango vya Marekani vya SAAMI vinaipa 270 shinikizo la juu la psi (pauni kwa inchi ya mraba) 65,000, na 35 Whelen psi 62,000, kitako kikiwa kilekile.

Tuliamua hapo, mezani, kwa kalipa na vipimo vya chemba. Uamuzi huo siujutii, ingawa wema wake wote, yaani kwamba kila kitu ni kilekile, ndio uliokuja kutupiga.

Tundu la skrubu

Kabla ya kupeleka mtutu nilipima unene wa ukuta kila sentimita 5, pande nne. Shimo halikai katikati ya chuma kikamilifu, na huu nao ulikuwa umeegemea upande mmoja kwa kama mm 0.2. Si vibaya. Tatizo lilikuwa juu, sentimita 2 na nusu kutoka mdomoni, pale kilengeo cha mbele kilipofungwa kwa skrubu. Tundu lake lilikuwa na kina cha mm 2.5.

Hesabu yake ni ya mtoto wa shule. Kipenyo cha nje hapo kilikuwa mm 15.9. Kwa 270, ukuta ni mm 4.4, na chini ya tundu unabaki na karibu mm 1.9. Kwa Whelen, ukuta unashuka hadi 3.4, na chini ya tundu inabaki mm 0.9. Ukitoa ile mm 0.2 ya kuegemea, unaweza kuwa na chuma chembamba kuliko ganda la yai la mbuni, juu ya shimo ambalo gesi moto itapita kila mara.

Niliyapima na matundu manne ya kikalio cha darubini, kwa sababu kwenye bunduki hizi kikalio hufungwa kwenye mtutu wenyewe. Hapo mtutu ni mnene na chini ya matundu palibaki mm 4. Sikuwa na wasiwasi.

Mezani palikuwa na njia mbili: kuziba tundu kwa kulehemu, jambo ambalo silipendi kwenye ukuta mwembamba, au kukata mdomo. Tulikata sentimita 4, mtutu ukatoka 61 hadi 57, na mdomo mpya ukaangukia penye kipenyo cha mm 16.2.

"Na darubini ikivunjika porini nitalenga kwa nini?"

"Utafunga ule wa 30-06, mzee. Una mitutu miwili."

Alicheka, akasaini.

Kasi ya kuzunguka, uzito na kibali

Mtutu wa Whelen wa kawaida huzungusha kichwa mara moja kila inchi 16. Tulichagua inchi 14, kwa sababu vichwa vya shaba tupu ni virefu kuliko vyenye madini laini ndani vya uzito uleule na vinataka kuzungushwa kasi zaidi. Hapo hatukubishana.

Kuhusu teke, yaani bunduki inavyorudi begani, tulibishana, na nikashindwa, nikashindwa vibaya kwa sababu nilikuwa na namba mkononi. Kupanua shimo kulipunguza gramu 100 hivi za chuma, na sentimita 4 zilizokatwa gramu 50 nyingine. Mtutu ulikuwa gramu 1,540, ukarudi gramu 1,392. Bunduki imekuwa nyepesi huku kichwa kikikaribia uzito maradufu, kutoka gramu 8.4 hadi 16.2. Kwa hesabu yangu, nishati ya teke ilitoka karibu juli 26 kwenda karibu juli 47. Nilimwambia aweke pedi nene kwenye kitako. Akasema bega lake halijaanza kupiga bunduki jana.

Kibali kilichukua muda kuliko kazi yote ya chuma. Leseni yake ilitaja mitutu yote miwili kwa kaliba, na kubadilisha kaliba bila idhini kungemfanya awe na silaha isiyo kwenye karatasi. Tuliomba kwanza, tukasubiri wiki 7, ndipo mtutu ukatoka karakanani kwangu. Kuna fundi atakayekwambia toboa sasa, karatasi zitafuata. Usimsikilize.

Kazi ya kutoboa

Sehemu hii ndiyo wasomaji huitaka, na ndiyo fupi. Karakana ni ya watu wanaofanya kazi hiyo tu, na waliifanya vizuri. Shimo lilipanuliwa kwa rima yenye kiongozi kinachofuata shimo la zamani. Mifereji ilikatwa kwa kisu kimoja, mpito baada ya mpito, kila mpito ukichukua chuma kidogo mno. Ipo njia ya haraka ya kusukuma kitufe kigumu kinachokandamiza mifereji yote kwa pamoja, lakini mtutu uliokwisha kukerezwa nje, mnene nyuma na mwembamba mbele, hutanuka kwa viwango tofauti chini ya kitufe. Kwa mtutu wa kutoboa upya, kisu ni bora.

Uliporudi nilisukuma kipande cha yale madini laini kutoka nyuma hadi mdomoni. Kilikwenda kwa uzito uleule wa mkono mwanzo hadi mwisho, na maikromita ikasoma mm 9.09. Geji mbili za chemba zilisema ndiyo na hapana kama zinavyotakiwa: kwa fupi bunduki ilifunga, kwa ndefu ikagoma. Kisha mtutu ulipelekwa kujaribiwa. Katika nchi zinazofuata utaratibu wa CIP, tume ya kimataifa ya kujaribu silaha, mtutu uliobadilishwa shimo hauhesabiki tena kuwa umejaribiwa, hata kama alama za zamani zipo. Unapigwa risasi zenye shinikizo linalozidi kiwango cha juu kwa asilimia 25. Ulipita, na baada yake nilipima kulabu na pini, sikuona kilichosogea.

Alama mpya ya kaliba ilichongwa chini ya mtutu, sehemu tambarare, pamoja na mihuri ya majaribio. Ubao wa mbele ukifungwa, alama hiyo haionekani. Ubavuni kushoto, juu kabisa, maandishi ya kiwanda yalibaki: 270 WIN. Niliyaona. Nilijisemea nitayafuta siku ya kupaka rangi upya. Nikamkabidhi mzee mtutu wake.

Fataki tatu zilizogoma

Wiki mbili baadaye alirudi na malalamiko. Kati ya risasi 20, tatu hazikulipuka. Pini ya kupigia ilipiga, fataki (kile kidonge cha kuwashia kilicho kitakoni mwa ganda) ikabonyea kidogo, kimya. Mbili kati ya hizo zililipuka kwa pigo la pili. Yeye, na rafiki yake aliyefuatana naye, walikuwa wameshatoa hukumu: karakana imekata chemba ndefu.

Nilirudisha geji mbele yao. Ndiyo, hapana. Chemba ilikuwa sawa.

Nikaomba kuona maganda. Yalikuwa na maandishi ya 30-06 kitakoni. Alikuwa amechukua maganda yake ya zamani na kuyapanua shingo mwenyewe, kutoka mm 7.8 hadi 9, kwa msukumo mmoja. Inawezekana, na watu hufanya. Lakini bega la Whelen ni dogo, upana usiofika hata milimita moja kuzunguka shingo, na unapokisukuma kipanuzi ndani ya shingo kwa nguvu bila mafuta ya kutosha, bega hilo hurudi nyuma. Nilipima maganda matano ambayo hayajapigwa: mabega yalikuwa yamerudi kati ya mm 0.3 na 0.4. Chemba ni sahihi, ganda ni fupi. Pini inapolipiga, inalisukuma mbele badala ya kuivunja fataki.

Yale yaliyolipuka yalikuwa na hadithi yake. Karibu na kitako, kwa nje, palikuwa na duara jembamba linalong'aa kuliko shaba ya pembeni. Nilikunja ncha ya waya mwembamba, nikauingiza ndani ya ganda na kuuvuta ukikwaruza ukuta. Ulipofika usawa wa lile duara ulinasa kwenye mfereji. Nikampa mzee waya ausikie mwenyewe. Hapo ganda limevutwa na kukonda, na likipigwa tena mara moja au mbili hukatika vipande viwili ndani ya chemba. Yote 19 yaliyolipuka tuliyaponda kwa nyundo.

Ushauri wangu ulikuwa anunue maganda yenye maandishi ya 35 Whelen. Alisema ataagiza, na kwamba kwa sasa atapanua mengine kwa hatua, kwa uangalifu. Nilikubali. Lilikuwa kosa langu la pili, baada ya lile la 270 WIN.

Risasi iliyokwenda kusikojulikana

Siku ya kulenga darubini nilikuwepo. Alikuwa na mitutu yote miwili, kwa sababu alitaka kuhakiki zote kwa safari moja. Mezani palikuwa na visanduku viwili vya risasi. Kimoja cha 30-06 za dukani. Kingine cha Whelen zake, safari hii zimepanuliwa vizuri, lakini kitakoni zimeandikwa 30-06. Na mtutu uliofungwa ulikuwa umeandikwa 270 ubavuni. Maandishi matatu juu ya meza moja, mawili yakisema uongo.

Risasi nne za mwanzo zilikwenda mahali pake. Ya tano ilitoa mlio mzito uliofifia, kama mlango wa chuma unaofungwa mbali. Teke likawa dogo. Kwenye shabaha ya mita 100 hapakuwa na kitu, na mbele yake, mita 40 hivi kutoka tulipo, vumbi dogo lilikuwa linatulia.

Nilimzuia asifungue. Tulihesabu hadi 60, mdomo ukielekea kwenye tuta la udongo, kisha nikafungua mwenyewe. Ganda lilitoka kwa shida kidogo. Shingo ilikuwa imetanuka mpaka kuta za chemba, imepasuka kutoka mdomoni hadi begani upande mmoja, na ubavu mzima ulikuwa mweusi kwa masizi. Kitakoni: 30-06. Na safari hii maandishi yalikuwa ya kweli.

Risasi ya 30-06 inaingia kwenye chemba ya 35 Whelen bila kipingamizi chochote, na bunduki inafunga. Kichwa cha mm 7.8 kinapita kwenye shimo la mm 8.9 bila kugusa vizuri upande wowote, gesi inakipita pembeni, na kinatoka kikiyumba. Nilichungulia mtutu, hapakuwa na kilichokwama, nikapitisha fimbo kuwa na hakika. Kinyume chake hakiwezekani: shingo ya Whelen ni pana mno kuingia kwenye chemba ya 30-06, na huo ndio upande ambao ungeleta maafa. Tulikosea kuelekea upande unaosamehe, na hatukuuchagua. Ndivyo kaliba hizi zilivyo tu.

Mzee alilishika lile ganda kwa muda. Hakusema neno. Kisha akakichukua kisanduku cha Whelen zilizoandikwa 30-06, akanikabidhi.

Tulichobadilisha na matokeo

Maandishi ya 270 WIN niliyapiga mistari miwili ya patasi siku iliyofuata, bila kuyafuta kabisa, ili historia ya mtutu isomeke na kibali kifuatane nao. Juu yake, mahali jicho linapoangukia ukifunga bunduki, nilichonga 35 WHELEN kwa herufi za mm 3. Maganda yote yaliyogeuzwa yaliharibiwa. Sasa anatumia yenye maandishi ya kweli peke yake, na mtutu mmoja tu ndio huenda naye porini au uwanjani kwa siku. Sharti la mwisho alijiwekea mwenyewe.

Kwa maganda sahihi, fataki hazijagoma tena. Shabaha tatu za risasi tatu tatu kwa mita 100, kwa kichwa cha gramu 16.2, zilikuwa mm 34, 41 na 38 kati ya matundu yaliyo mbali zaidi. Kwa bunduki ya kukunjika iliyotobolewa upya, sina la kudai zaidi.

Uchambuzi

Vipimo vya awali vililipa. Kama tundu la kilengeo lingeonekana baada ya kutoboa, mtutu ungekwishakuwa chuma chakavu, au mbaya zaidi, mtu angeupiga hivyohivyo. Kipimo kile kilichukua dakika 40. Kusubiri kibali kulitugharimu wiki 7 za subira na si kitu kingine.

Kuchagua kaliba ya ukoo uleule kulirahisisha chuma na kufanya kila kitu kingine kiwe kigumu. Sikuliona hilo mapema, na nilipaswa. Nilihesabu faida za kitako kilekile, bega lilelile na kichomoa ganda kilekile, kama mtu anayehesabu vyombo vinavyolingana, na sikujiuliza swali dogo: risasi ipi ya mtutu wake mwingine itaingia hapa? Jibu lilikuwa kwenye michoro ileile niliyoitumia kuchagua kaliba. 9.3×62 isingelimaliza tatizo hilo kabisa, kwa kuwa risasi nyembamba za ukoo mwingine huweza kuingia kwenye chemba pana bila kukaa vizuri. Lakini risasi zake zingekuja na maandishi yake, na mzee asingepata kishawishi cha kugeuza maganda ya kabatini.

Karakana ilifuata utaratibu wake kuchonga alama chini ya mtutu, na siwalaumu. Anayemkabidhi mteja ndiye anayeangalia bunduki kwa jicho la mteja. Mimi niliiangalia kwa jicho la fundi anayejua kilichomo ndani, na aliyejua hahitaji kusoma. Rafiki wa mzee, aliyekuwepo siku ya fataki, angeokota mtutu ule, akasoma 270, akatia risasi ya 270, na ingeingia vilevile.

Kuhusu maganda ya kugeuza, najua mafundi wazuri wanaofanya hivyo maisha yao yote. Mwenye bunduki moja tu ya Whelen, asiye na 30-06 nyumbani, ana haki ya kubisha. Kwa mwenye zote mbili msimamo wangu ni hapana, hata kama bega limekaa sawasawa.

Je, kutoboa kulistahili? Kama kulabu isingekuwa ya kusuguliwa kwa mkono na kiwanda kingekuwa bado kinatoa mitutu, ningemwambia auze na anunue. Kwa bunduki hii hapakuwa na njia safi zaidi. Mzee mwenyewe anasema angechagua vilevile tena. Msimu uliopita alikuja kununua pedi nene ya kitako, na hakuniuliza bei kabla ya kuilipia.